Mjomba wa Kitabuni

Jumatatu hiyo mjukuu wangu alirudi kutoka shuleni na kitabu kilichofunikwa kwa karatasi ya kalenda ya zamani. Ana miaka kumi na mmoja, yuko gredi ya sita, na anaishi nami kwa sababu baba yake, kijana wangu mdogo, anafanya kazi mbali. Mwalimu alikuwa ameagiza kila mtoto asome hadithi kwa sauti mbele ya mtu mzima wa nyumbani, kisha mtu huyo atie sahihi kwenye karatasi. Mke wangu alishatangulia, kwa hiyo mtu mzima wa nyumbani ni mimi.

Nilikuwa nimeketi barazani nikipukuchua mahindi ya mbegu.

"Usilale, kuka," aliniambia. Kuka kwetu ni babu. "Mwalimu atauliza kama ulisikiliza."

"Mimi nimewahi kulala?"

"Wiki jana ulikoroma kwa sayansi."

Akaanza kusoma. Ilikuwa hadithi ya msichana anayefika katika mji wa mama yake akiwa na mfuko mmoja tu. Mama amekufa. Baba yake ni mtu wa rangi nyingine, wa kutoka mbali, na watoto wa mtaa wanamcheka kwa sababu hafanani na yeyote pale. Nyanya yake alimwachia nyumba, lakini karatasi za nyumba hazionekani. Mwisho wa sura ya kwanza ndipo anapotokea mjomba, mwanamume mpole mwenye miwani, anayempa msichana chai na kumwambia kwamba hakuna karatasi yoyote, hazijawahi kuwapo.

Ungo ulinitoka magotini na mahindi yakatawanyika barazani kote.

"Kuka, uko sawa?"

"Endelea."

"Imeisha. Tia sahihi." Akaitazama karatasi nilipomrudishia. "Mbona umeandika kama mtoto wa chekechea?"

Sikuweza kumwambia kwa nini. Jumamosi ya wiki hiyo mpimaji wa ardhi alikuwa anakuja kuligawa shamba letu, huku upande wa Myanga, kwa vijana wangu watatu. Mawe ya mpaka yangepandwa, kila mmoja angepata hati yake, na kipande cha mtoni kingekwenda kwa kijana wangu mkubwa. Kipande hicho hakikuwa changu kukigawa. Kilikuwa cha mtoto wa dada yangu. Waliolijua hilo kwa hakika walikuwa wawili, mimi na baba yangu, na baba alikufa zaidi ya miaka arobaini iliyopita.

Dada yangu alinitangulia kuzaliwa. Alikwenda Kitale akiwa msichana, akafanya kazi ya nyumbani kwa familia ya Wahindi waliokuwa na duka la vipuri vya trekta. Siku moja alirudi nyumbani na sanduku lake la mabati, akiwa mjamzito, na hakumweleza mtu lolote. Mtoto alipozaliwa hatukuhitaji kuelezwa. Alikuwa na ngozi nyeupe kuliko yetu na nywele nyeusi, laini, ambazo kufikia miaka kumi zilikuwa zinamfika kiunoni. Dada alikufa mtoto akiwa na miaka sita. Baba yangu akamlea.

Watoto wa majirani walimchokoza njiani. "Muhindi, fungua duka! Tupimie sukari!"

"Sukari imeisha," naye anawajibu. "Imebaki sabuni, na ndiyo mnayoihitaji."

Baba alikuwa anacheka mpaka anashika ukuta. Kila aliyefika nyumbani alisimuliwa habari ya sabuni.

Baba alipougua, mchana mmoja tulikuwa peke yetu chumbani. Aliniambia, "Huyu msichana mpe kule mtoni. Mama yake alipalima kwa mikono yake. Umesikia?"

"Nimesikia, baba."

"Waambie ndugu zako mimi nikiwa bado hapa."

Nilikubali. Aliishi siku tisa zaidi, na kila asubuhi nilisema nitawaambia jioni. Sikuwaambia. Wakati ule maneno yalikuwa mengi sokoni, ati ukimwandika mtoto wa Muhindi kwenye shamba, kesho baba yake anafika na wakili, keshokutwa mnahama. Nilijiambia kwamba naogopa hilo. Ni kweli niliogopa. Lakini pia kipande cha mtoni hakikauki hata Januari. Sukuma na nyanya hustawi pale wakati kwingine kote ni vumbi, na mimi ndiye niliyelima jirani yake. Leo nikisema ilikuwa hofu tu, nitakuwa naongeza uongo juu ya uongo.

Kwetu, siku ya tatu baada ya maziko, watu wa marehemu hunyolewa. Wanaonyolewa ndio wenye msiba. Hukaa upande mmoja wa ua, vichwa wazi, na wazee wanapoanza kuzungumza juu ya kilichoachwa na marehemu, huzungumza wakiutazama upande huo. Shangazi yangu, dada ya baba, ndiye aliyeshika wembe. Alitunyoa sisi wana, kisha wake zetu, kisha wajukuu. Yule msichana alikuwa kwenye mstari pamoja na wajukuu wengine; vijana wangu walikuwa bado hawajazaliwa. Alikuwa ameifumua misuko yake mwenyewe, bila kuambiwa na mtu, na nywele zilikuwa zimemwagika mgongoni.

Zamu yake ilipofika aliketi chini, akainamisha kichwa. Shangazi akazikusanya nywele kwa mkono mmoja. "Hizi zitaushinda wembe wangu! Leteni makasi kwanza."

Watu wakatabasamu. Nami, nikiwa nimenyolewa tayari, nikasema, "Shangazi, mwache huyo. Hizo nywele si za kwetu."

Shangazi akaniangalia. "Wewe unasema nini? Huyu si mtoto wa dada yako?"

"Ana kwao. Watu wa baba yake watamnyoa wakitaka, kama hawataogopa kuziharibu."

Hapo baadhi ya watu walicheka, na kicheko kile kikanibeba. Shangazi aliachia zile nywele polepole. Msichana hakulia. Aliinuka, akakung'uta vumbi kwenye sketi yake, akatembea mpaka upande wa pili wa ua, akasimama na watoto wa majirani waliokuja kutazama. Alikuwa na miaka kumi na mmoja.

Mimi ndiye niliyekuwa nimesoma mpaka kidato cha nne, kwa hiyo wazee wakanipa kalamu niandike majina ya warithi yapelekwe kwa chifu. Niliandika kwa mwandiko mzuri sana, na lake halikuwamo.

Jumanne na Jumatano mjukuu wangu alisoma sura nne. Nilimwomba tusome ndani, nikasema jua ni kali. Ukweli ni kwamba niliogopa mtu anayepita njiani asisikie. Ndani nilikaa nimeupa mlango mgongo, na kila sauti ya miguu huko nje ilinikausha mate. Vijana wangu walikuwa wananipigia simu kila siku kuniambia mpimaji anataka hiki, naibu wa chifu anataka kile. Nilijibu ndiyo, ndiyo. Kitabu kilikuwa mezani, nami nilikiogopa kana kwamba kingenitaja.

"Kuka, kwa nini mjomba anamwogopa huyu msichana? Yeye ni mtoto tu."

"Labda hamwogopi. Hampendi tu."

"Anamwogopa, bana. Angalia, kila msichana akiingia, yeye anasimama. Mtu usiyemwogopa unasimamia nini?" Akageuza ukurasa. "Mimi ningempeleka polisi. Akalale huko na miwani yake."

"Na kama ni mzee?"

"Polisi wana viti."

Nilicheka, kisha nikatoka nje.

Sijaeleza jinsi msichana alivyoondoka nyumbani. Wiki mbili baada ya matanga nilimwambia ajiandae, nampeleka kwa baba yake Kitale. Watu waliona ni jambo la haki. Tulipofika, duka la vipuri lilikuwa na mwenyewe mwingine. Familia ile ilikuwa imehama na hakuna aliyejua ilikokwenda. Karibu na msikiti kulikuwa na mama mmoja wa Kiislamu aliyeuza sufuria na sinia, na alikuwa amemfahamu dada yangu. Alimtazama mtoto, akamtambua kwa mdomo wa mama yake. Akaniambia, "Mwache kwangu usiku wa leo. Kesho uje tumtafute baba yake pamoja."

Nilimwacha. Msichana aliniuliza, "Khocha, utakuja saa ngapi?" Khocha ni mjomba, ndugu ya mama, na kwetu ni mtu mkubwa, mtoto akikosa kila mahali, huenda kwa khocha. Nikamwambia nitakuja mapema.

Sikurudi kesho yake, wala mwezi uliofuata, wala mwaka. Nilikuwa karani wa ghala la mahindi na kazi ilinipeleka Kitale mara nyingi. Kila mara nilizunguka nyuma ya soko ili nisiipite barabara ya msikiti. Nilisikia kwa watu kwamba mama yule alimlea, kwamba amekuwa fundi wa nguo, kwamba ana kibanda chake. Nilisikia bila kuuliza.

Alhamisi tulimaliza kitabu. Mjomba anaugua. Msichana anapata karatasi za nyumba ndani ya godoro, lakini hamshtaki; anampikia uji. Mjomba analia, msichana anamshika mkono, na ukurasa wa mwisho wote wanaishi katika nyumba ile pamoja na paka.

Mjukuu wangu alifunga kitabu akakunja uso. "Sasa imeishaje hivi?"

"Imeisha vizuri. Amesamehewa."

"Lakini hakusema, kuka. Alilia tu. Na wale watu wa mtaa bado wanafikiri msichana ni mwongo, kwa sababu yeye aliwaambia ni mwongo. Nani atawaambia si mwongo? Paka?"

Nilitaka kutia sahihi tu. Kalamu nilikuwa nayo mkononi. Badala yake nikasikia nasema, "Mimi nilifanya kama huyo mjomba."

Alicheka kwanza, akidhani ni mzaha. Kisha akaacha. "Kwa nani?"

Nikamweleza: dada yangu, mtoto wake, mto, wembe, Kitale. Nilitumia maneno machache. Alisikiliza akiwa ameshika ncha ya kola yake. Nilipomaliza nilingoja aniulize kitu, chochote. Alisukuma karatasi mbele yangu.

"Tia sahihi," akasema, kwa sauti ndogo.

Nikatia. Akachukua mtungi wa plastiki akaenda kuteka maji bila kutumwa na mtu. Jioni ile tukila nilielewa kwamba nimepoteza kitu ambacho sitakipata tena kwa kunyamaza.

Ijumaa nilikwenda Kitale. Barabara ya msikiti imejaa maduka sasa, na sikujua nianzie wapi mpaka nilipoona sare za shule zimetundikwa mlangoni. Nilisimama ng'ambo ya barabara nikishindwa kuvuka.

Ndani mwanamke wa miaka hamsini na kitu, amejifunga mtandio, alikuwa anapima mabega ya mtoto wa shule huku mama wa mtoto akingoja. Alikuwa na mdomo wa dada yangu.

"Karibu, mzee. Ni sare ya shule gani?"

"Mimi ni khocha wako."

Hakuacha kupima. Aliandika vipimo kwa chaki, akamwambia yule mama arudi Jumanne, akawasindikiza mpaka mlangoni. Kisha akaketi kwenye cherehani yake.

"Nilikujua ulipokuwa bado ng'ambo," akasema. "Umesimama pale karibu nusu saa. Nikasema kama atarudi alikotoka, arudi. Unaumwa?"

"Hapana."

"Wazee wakija hivi kwa kawaida wanaumwa."

"Nimekuja kukuomba..."

"Usiniombe hapa." Hakuinua sauti. "Hapa tuko wawili na cherehani. Ulilisema mbele ya kijiji kizima, na wengine wakacheka. Niliwahesabu. Walikuwa watatu. Huwezi kusema kitu kule halafu uje kukifuta huku."

Nikamwambia habari ya mpimaji na kipande cha mtoni, na maneno ya baba. Alipolisikia neno la baba, mkono wake ulisimama juu ya gurudumu la cherehani. Hakujua. Miaka yote hiyo alidhani babu yake hakumkumbuka.

"Alisema hivyo?" akauliza.

"Alisema. Nilisikia mimi peke yangu."

"Na mpimaji ni kesho."

"Kesho."

"Basi kesho utakuwa na watu," akasema, akaanza kushona. Sikuambiwa niondoke, lakini hakukuwa na lingine la kungojea.

Jumamosi walikuja wengi kuliko nilivyodhani. Mpimaji na fimbo yake ya kupimia, naibu wa chifu na faili, vijana wangu watatu na wake zao wawili, majirani waliotaka kujua mipaka yao isiguswe. Katika wale watatu waliocheka siku ya kunyoa, mmoja bado yu hai, mzee mwenzangu. Naye alikuja, akaketi juu ya debe lililopinduliwa. Nilipomwona nilitaka kurudi nyumbani kulala. Hofu ya siku hiyo siijui kuifananisha. Nilikuwa nikiwaogopa watoto niliowazaa.

Walipofika kwenye mpaka wa mtoni nikasema, "Ngojeni. Hapa si petu."

Nikasema yote, nikiwa nimesimama, kuanzia kitanda cha baba mpaka mlango wa yule mama wa sufuria. Nilisema kwamba aliyesema uongo ni mimi, na kwamba msichana alikuwa wa kwetu na alistahili kunyolewa kama sisi.

Kijana wangu mkubwa alikuwa wa kwanza kupata sauti. "Baba, jua limekupiga. Ati Muhindi? Muhindi gani? Hatujawahi kusikia jambo hili."

"Hamkusikia kwa sababu sikusema."

Akamgeukia naibu wa chifu. "Afisa, msiandike. Huyu mtoto amekuwa akimsomea kitabu wiki nzima, hadithi ya msichana na mjomba na mali. Mimi mwenyewe nimekiona. Mzee amechanganya kitabu na maisha yake."

Watu walinitazama kwa huruma, na hilo liliniogopesha kuliko hasira. Niliona jinsi ilivyo rahisi. Ningenyamaza tu, wangenishika mkono, wangenipeleka kivulini, na jambo lingekwisha kwa heshima, mimi nikiwa mzee aliyepotewa na akili kidogo. Mdomo wangu ulikuwa unaelekea kunyamaza. Naujua.

"Kitabu hakina shamba," mjukuu wangu akasema. Alikuwa nyuma ya watu. "Ni nyumba. Na hakuna mtu ananyolewa."

"Wewe nyamaza," baba yake mkubwa akamwambia.

"Anasema kweli," nikasema. "Sijachanganya kitu. Nilimwacha Kitale nikamwambia nitarudi mapema."

Kisha yule mzee kwenye debe akakohoa. "Ni kweli," akasema, akiangalia chini. "Siku ile mimi nilikuwapo. Alipolisema la nywele, mimi nilicheka. Alikuwa mtoto mzuri huyo. Alikuwa na mdomo."

Naibu wa chifu akafungua faili juu ya goti. "Jina lake kamili?"

Nikafungua mdomo. Nilikuwa na jina tulilomwita nyumbani tu. Mama aliyemlea alimpa jina lingine, na la kwenye kitambulisho sikulijua. Kijana wangu alicheka kwa pua. "Anamgawia shamba mtu asiyemjua jina."

"Mimi ninalijua," ikasema sauti kutoka njiani.

Sijui alikuwa amesimama pale tangu lini. Alipita katikati ya watu na mtandio wake, asimsalimie mtu, akampa naibu kitambulisho. Naibu akasoma majina matatu kwa sauti. La katikati lilikuwa la baba yangu. Kijana wangu mkubwa alilisikia, akatazama kando.

Naibu alikuwa anaandika. "Sawa. Na huyu mzee ni nani wako?"

Alinigeukia. Ilikuwa mara ya kwanza siku ile kunitazama usoni, na hakufanya haraka. Niliwahi kumwambia shangazi neno moja dogo kuhusu mtoto huyu mbele ya watu kama hawa, na sasa neno lilikuwa lake. Sikuwa na haki ya kulingojea kwa matumaini. Nililingojea kwa woga.

"Ni ndugu ya mama yangu," akasema.

Naibu akaandika. Mpimaji akamwomba waende naye amwonyeshe pembe ya kwanza, na wakateremka mtoni, mjukuu wangu akiwafuata nyuma amebeba kamba. Mimi nilibaki juu na kijana wangu mkubwa. Tulisimama kama hatua mbili mbali. Niliita jina lake. Akavaa kofia yake akaondoka, na mpaka leo ninapoandika haya hajarudi.